Moshi wa bluu na mafundi watatu: ninunue injini nyingine?

Shikamoo Mzee wa safu,

Mimi ni mkazi wa Sikonge. Kazi yangu ni kukusanya asali kwa warinaji wa vijiji vya porini na kuipeleka Tabora mjini kwa wanunuzi. Chombo changu ni pikipiki ya Kichina ya cc 125, ile yenye fimbo za valvu ubavuni mwa silinda. Niliachiwa na mjomba baada ya yeye kuhamia kwenye bajaji. Mita ya kilomita ilishakufa zamani, kwa hiyo hakuna anayejua imetembea kiasi gani. Ninachojua ni kwamba mjomba aliibebesha tumbaku miaka mingi kabla mimi sijaanza kuibebesha asali.

Tatizo ni moshi. Asubuhi nikipiga kiki, ekzosi inatema wingu la bluu, linakaa kidogo, kisha linakwisha na ninaondoka vizuri. Nikiwa njiani na madumu mawili ya lita 20 nyuma, inavuta kama kawaida na wala sioni wingu kwenye kioo. Lakini nikiachia gesi kwa muda, mfano nakaribia matuta ya kijijini, halafu nikavuta tena, nyuma kunafuka mpaka wenye magari wananipigia honi. Oili nayo inapungua, na chini haivuji hata tone. Siku hizi natembea na chupa ya oili kwenye begi. Nikisimama naegesha kwenye stendi ya pembeni, nachomoa kijiti, nikiona imeshuka naongeza. Tangu nianze kuongeza hivyo, moshi umezidi.

Fundi wa kwanza, wa hapa hapa, alisema ni ringi, zile pete za pistoni. Akafungua, akaweka ringi mpya kwenye pistoni ile ile na bloku (silinda) lile lile, nikalipa. Moshi wa asubuhi haukuondoka, na ukaongezeka mwingine mwembamba wa muda wote. Fundi wa pili, wa mjini, hakufungua chochote. Alisikiliza akasema injini imekufa, nitafute nyingine. Huyo huyo alinitolea filta ya hewa, akadai ilikuwa inaibana injini isipumue. Wa tatu ni dereva mwenzangu, anasema nichanganye oili ya gia namba 90, moshi utakata siku hiyo hiyo.

Hela ya injini ipo, ila ni ya kikoba. Mke wangu ameikopa kwa ajili ya mizinga ya kisasa. Yeye anasema pikipiki tuiuze, na mteja yupo: mdogo wake wa kiume anataka kuanza bodaboda. Ikishapata moto haifuki sana, kwa hiyo akija kuitazama mchana hataona kitu. Mimi nasita. Mzee, nifanye nini?

Msafirishaji wa asali, Sikonge

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kutobolewa mfuko.

Hela ya kikoba irudishe ilikokuwa. Mwambie mama watoto aagize mizinga yake, maana kwa ulivyoeleza, injini hiyo sidhani kama imekufa. Barua yako imebeba jibu karibu lote, kwa sababu umefanya kitu ambacho mafundi wako wote watatu hawakukifanya: umeangalia moshi unatoka saa ngapi. Rangi ya moshi inakuambia kinachoungua. Saa ya moshi ndiyo inayokuambia kinapopitia.

Rangi tusikawie nayo. Bluu ni oili. Nyeusi ni petroli iliyozidi hewa: choki imekwama, filta imeziba, au kabureta inafurika. Huku kwetu kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huelekea kidogo upande huo. Nyeupe na nyepesi asubuhi za Juni na Julai ni mvuke uliolala ndani ya ekzosi, utakauka. Injini yako inapozwa na upepo, haina rejeta, kwa hiyo fundi akikuambia gasketi inapitisha maji, mshukuru, uondoke. Ukiwa na shaka, shika karatasi nyeupe nyuma ya ekzosi huku mtu anapiga resi kidogo. Madoa yenye utelezi ni oili. Masizi makavu ni petroli. Plagi nayo itasema hivyo hivyo: nyeusi yenye unyevu wa mafuta, au nyeusi kavu ya masizi. Kuna wazee watakuambia pikipiki kutoa moshi wa bluu ni kawaida. Wao wanakumbuka Yamaha za mipigo miwili, ambazo oili yake iliungua pamoja na petroli kwa makusudi. Yako ni ya mipigo minne. Haina ruhusa hiyo.

Sasa saa. Juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kuna valvu mbili, na kila moja shina lake linapanda na kushuka ndani ya kibomba. Mdomoni mwa kibomba kuna sili ndogo ya mpira inayoizuia oili ya juu isiteremke. Joto la miaka linaukausha mpira huo mpaka unakuwa mgumu na kupasuka. Pikipiki ikilala usiku, oili inachuruzika taratibu kando ya shina na kujikusanya chini. Asubuhi unapiga kiki, inaungua yote kwa mkupuo, kisha basi. Hilo ndilo wingu lako la kwanza.

La pili ni la matutani. Unapoachia gesi huku tairi bado linaizungusha injini, kabureta inakuwa imefunga mlango, na pistoni inavuta hewa isiyokuwepo. Mvuto huo ni mkali, unaifyonza oili kupitia kibomba cha valvu ya kuingiza. Ukifungua gesi tena, kilichofyonzwa kinaungua na wenye magari wanapiga honi. Ukiwa na madumu yako nyuma na gesi imefunguka, mvuto huo unapungua sana, ndiyo maana kiooni huoni wingu.

Ringi zilizochoka zina tabia ya kinyume chake. Zenyewe hufuka pale injini inapovuta mzigo, na kadiri unavyoiongezea gesi ndivyo zinavyozidi. Moto wa juu hupenya kwenda chini, mpira wa kupumulia injini hupuliza kwa nguvu na kutema oili kwenye boksi la filta, kiki inakuwa nyepesi mguuni, na pikipiki inaishiwa nguvu. Hujaniandikia hata moja kati ya hayo. Mwenzako mmoja akufuate nyuma kwenye lami ya kwenda Tabora: nenda gia ya tatu kwa kasi ya kutosha, achia gesi kabisa uhesabu mpaka kumi, kisha vuta. Huku kwetu ni tambarare, huhitaji kutafuta mlima. Akiona wingu baada ya kuvuta tu, na si wakati wote unapovuta, dau langu ni sili za valvu.

Kinachonisikitisha kwa fundi wa kwanza ni kwamba ili aifikie pistoni alilazimika kuvua hedi. Sili zilikuwa mkononi mwake. Sili mbili bei yake kwa kawaida haifiki lita moja ya oili nzuri, na akazirudisha zile zile.

Halafu zile ringi mpya. Injini za namna yako, hata zikiwa na majina kumi tofauti kwenye tangi, nyingi zimenakiliwa kutoka Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliichora kwa fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni ya juu kusudi ivumilie nchi ambazo matunzo ni ya kubahatisha. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na spea zake zimejaa kila duka. Lakini uvumilivu una mwisho. Bloku lililotembea miaka halibaki duara. Linalika zaidi sehemu ya juu, linaacha ukingo, na ukuta wake unang'aa kama kioo. Ringi mpya ikiwekwa kwenye ukuta unaong'aa haipati pa kujisugua ikae, na oili inapita kando yake. Ndiyo asili ya ule moshi mwembamba wa muda wote ambao hukuwa nao mwanzo, au sehemu yake.

Kabla ya kuweka ringi mpya fundi hupima. Ringi inasukumwa ndani ya bloku kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha mwanya wa ncha zake unapimwa kwa fila, yaani visahani vyembamba vya kupimia. Kwa injini nyingi za cc 125 mwanya wa ringi mpya ni kama milimita 0.15 hadi 0.35. Ringi mpya ikionyesha zaidi ya 0.5, bloku ndilo lililochoka, na hapo kuna njia mbili: kulichonga kwa fundi wa mashine na kuweka pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya asili, ambazo hupanda kwa robo ya milimita, au kununua seti ya bloku na pistoni yake. Muulize fundi wako alipata ngapi. Akikushangaa, unajua hakupima.

Sehemu ya pili ya moshi huo mwembamba nadhani unaimwaga wewe mwenyewe, kwa nia njema. Stendi ya pembeni inailaza pikipiki kushoto. Kijiti cha oili kwenye injini hii kiko kulia. Oili inakimbilia kushoto, kijiti kinasema imepungua, unaongeza. Kesho tena, unaongeza. Injini ya aina hii hubeba takriban lita moja tu, kwa hiyo hata kikombe cha ziada ni kingi. Ikizidi, krenki inaichapa na kuirusha ukutani kuliko ringi zinavyoweza kukwangua, na nyingine inatokea kwenye mpira wa kupumulia mpaka kwenye kabureta. Pima hivi: injini iwake dakika chache, uizime, isubiri dakika chache, pikipiki iwe wima kwenye stendi ya kati mahali pa sawa. Futa kijiti, kiingize kikae juu ya tundu bila kukikaza nyuzi, kichomoe, usome. Ukikikaza kinazama zaidi na kukuambia ipo ya kutosha wakati haipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza wala haihitaji fundi. Mwaga oili yote iliyomo ikiwa ya moto. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe na utembeze sumaku. Vumbi laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kunasa kwenye sumaku ni chuma, yaani gia au beringi. Visivyonasa huenda ni pistoni. Ukikuta vipande, nenda polepole na ushauri wangu mwingine wote, kwa sababu tatizo liko chini zaidi. Safisha chujio la wavu linalokaa penye mfuniko wa kumwagia. Injini hii haina filta ya oili ya karatasi. Ina sahani inayozunguka mwishoni mwa krenki, nyuma ya kava la kulia, inayokamata uchafu kwa mzunguko. Nimeona pikipiki zilizofanya kazi miaka mingi sahani hiyo haijawahi kufunguliwa, ndani ni tope gumu. Siku kava likitoka, isafishwe. Kisha weka oili mpya ya pikipiki, 20W-50 inafaa joto la kwetu, na kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili isiyotelezesha klachi, kwa sababu klachi yako inaogelea humo humo.

Hapo ndipo ninapomkataza dereva mwenzako. Namba 90 ya oili ya gia haiko kwenye kipimo kimoja na namba 40 au 50 ya oili ya injini. Kwa uzito halisi zinakaribiana, kwa hiyo hata huo unene anaoutafuta haupo. Dawa zake zimetengenezwa kwa meno ya gia za gari. Kwenye joto la pistoni yako na kwenye klachi yako hazina kazi njema.

Na fundi wa mjini. Mwanangu, hili limenikera kuliko yote. Rudisha filta ya hewa leo, kabla hujapiga kiki nyingine! Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi ni mchanga uliosagwa, na chembe zake nyingi ni ngumu kuliko chuma cha bloku na ringi zako. Likiingia bila filta linashikana na oili ya ukutani na kuwa sawasawa na ile dawa ya kusagia valvu tunayonunua dukani, ila hii inasaga saa zote unazotembea. Pikipiki isiyo na filta nyuma ya lori la tumbaku kiangazi ndiyo inayouawa kweli kweli, na huyo aliyekutangazia msiba ndiye aliyeanza kuchimba kaburi. Tena hewa ikizidi petroli, injini inachemka zaidi. Filta ya sponji ioshe kwa sabuni, ikauke, ipake oili kidogo ya injini, uikamue. Ya karatasi igongegonge, ikishachakaa nunua nyingine. Angalia na mpira unaounganisha boksi na kabureta kama haujapasuka, maana hapo vumbi huingia bila kupita kwenye filta.

Baada ya hayo tafuta gereji yenye geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mjini utaipata. Injini iwe na joto, plagi itolewe, geji ikae kwenye tundu, gesi ifunguliwe mpaka mwisho, mtu apige kiki mpaka mshale ugome kupanda. Andika namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, kisizidi, piga kiki kidogo iingie, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi: bloku na ringi ndio wenye kesi. Isipopanda, kesi iko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kabla ya kuihukumu hedi, fundi ahakikishe valvu hazijabanwa. Kwa injini ya asili ya CG nafasi yake ni milimita 0.08 ikiwa baridi, na valvu iliyobanwa huiba kompresheni bila kosa la mtu mwingine.

Jambo moja wasomaji wa vitabu vya pwani husahau. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini nzima ambayo Dar es Salaam ingesoma psi 160 (psi ni kipimo cha mgandamizo kwenye geji), hapa itasoma kama 140. Fundi akiona 140 na kitabu kinasema 160, asikuuzie bloku kwa tofauti iliyoletwa na hewa. Ikiwa chini ya 100, hapo nakubali imechoka. Kilicho muhimu kuliko namba yenyewe ni tofauti ya kavu na yenye oili.

Namba zikiwa nzuri, fundi avue hedi tu, asiguse chini. Aweke sili mpya, na kabla ya kuziweka, wewe mwenyewe shika shina la kila valvu ikiwa imenyanyuka kidogo na uitikise. Ikicheza kwa kuonekana, kibomba kimelika. Sili mpya itadumu muda mfupi, moshi utarudi. Hapo vibomba vibadilishwe au utafute hedi nyingine. Na zile ringi za fundi wa kwanza, kama namba ya kompresheni ilipanda sana baada ya kijiko cha oili, basi kubali seti ya bloku kwa mkupuo mmoja hedi ikiwa chini. Kulipa kufungua mara ya tatu ni kujitesa.

Injini nyingine nunua ukisikia mgongano mzito chini, unaozidi ukiwa na mzigo, pamoja na vipande kwenye kitambaa. Hiyo ni konrodi au krenki. Lakini injini za mtumba nazo zimetoka kwa mtu aliyeiuza kwa sababu fulani. Nayo ipimwe kompresheni mbele yako kabla hujatoa hela.

Sasa shemeji yako. Ukimuuzia moshi, utakutana naye kila sikukuu na kila msiba mpaka mwisho wa maisha yenu, na dada yake atakaa katikati. Si lazima mkatae kuuza. Itengeneze kwanza, au muuzie ilivyo kwa bei ya ilivyo, aje alfajiri, ashike kiki yeye mwenyewe, aone wingu. Kijana anayeanza bodaboda akijua kasoro moja iliyo wazi na dawa yake ni ya bei ndogo, pengine atafurahi kuliko kununua inayong'aa asiyoijua. Ila mimi ningekuwa wewe, nisingeiuza. Msimu wa asali ukifika utatafuta usafiri wa kukodi, na faida yote itaishia hapo.

Ikiwekewa bloku jipya, kilomita 500 za kwanza usiibebeshe madumu, usiishike kwenye mwendo mmoja saa nzima, wala usiikabe kwa gia kubwa ikiwa polepole. Oili ya kwanza imwage mapema, kilomita 300 hivi, itakuwa na unga wa ringi. Baadaye, kwa vumbi na mzigo wako, badilisha kila kilomita 1,000 hadi 1,500, na mita ya kilomita uitengeneze, la sivyo utakuwa unakisia.

Ukishapima, niandikie namba mbili tu: kavu, na ile ya baada ya kijiko cha oili. Uniambie pia kama geji ilikuwa ya kufunga kwa nyuzi au ya kushikilia kwa mkono, maana ya mkono huvujisha na kudanganya.